Kutia Ngozi Rangi za Asili

Kazi ya ngozi ni kazi ya zamani sana katika Afrika, na watu wengi wanaijua sehemu yake moja, yaani kukata na kushona. Sehemu ya rangi huachiwa kopo la dukani. Katika makala haya nataka kueleza jinsi rangi za ngozi zinavyopatikana katika magome, mabua ya mtama na misumari chakavu, na zaidi ya hayo, kwa nini rangi hizo hushika. Fundi ajuaye jinsi ya kufanya tu hufaulu leo na kushindwa kesho, asijue kosa liko wapi. Lakini ajuaye sababu, hata akishindwa, hujua pa kutazama.

Rangi ni nyingi, na kurasa zetu ni chache. Kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu rangi mbili tu. Ya kwanza ni nyeusi, ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuitengeneza kwa muda wa wiki moja. Ya pili ni nyekundu ya mafundi wa Kano, katika Nigeria ya Kaskazini, ambayo ilisifiwa Ulaya kwa jina la nchi nyingine. Rangi nyingine nitazitaja kwa ufupi.

1. Ngozi mbichi na ngozi iliyodabighiwa

Mnyama akichinjwa na kuchunwa, ngozi yake ni kitu kibichi kama nyama. Ikikaa na maji huoza. Ikikauka huwa ngumu kama ubao. Ngozi ya ngoma ni ngozi ya namna hiyo: imekauka tu, haijageuka. Ikilowa, hulegea na kuanza kuoza tena.

Ili isioze, ngozi lazima idabighiwe. Kudabighi ni kuigeuza ngozi mbichi iwe ngozi ya kazi, laini na ya kudumu. Kwanza hutiwa katika maji ya chokaa au ya majivu ili manyoya yatoke. Halafu hukwanguliwa nyama na mafuta, ikaoshwa sana, kisha ikalowekwa siku nyingi katika maji yenye magome au maganda ya miti fulani. Ndani ya magome hayo mna kitu kinachoitwa tanini. Ndicho kile kinachokausha ulimi ukila ndizi mbichi au ukinywa chai iliyokolea mno. Ngozi imefanyika kwa nyuzi nyembamba zilizosokotana, na tanini hujishika katika nyuzi hizo na kuzifunga. Vijidudu vya kuozesha haviwezi tena kuzila kwa urahisi.

Kila nchi ina mti wake wa tanini. Katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki magome ya mikoko ya Rufiji na Lamu yaliuzwa ng'ambo kwa kazi hiyo. Katika nyanda za juu za Kenya ulipandwa mwati, mti uliotoka Australia. Na huko Njombe, Tanzania, kampuni ya miwati ilianzishwa mwaka 1949. Gome kavu la mwati lina tanini nyingi sana, hata kufikia theluthi moja ya uzito wake. Kano hutumia maganda ya mbegu za aina moja ya mgunga, ambayo Wahausa huyaita bagaruwa. Mgunga huo huota pia katika sehemu kavu za Uganda, Kenya na Tanzania.

Msomaji ataniuliza, je, tumekuja kusoma rangi au kudabighi? Jibu ni kwamba mambo hayo mawili hayatengani. Katika rangi zile mbili nitakazozieleza, tanini ndiyo mkono unaoshika rangi. Ngozi isiyo na tanini ni kama ukuta usiopigwa lipu: utaipaka, itang'aa siku mbili, kisha itabanduka.

2. Ijaribu ngozi kwanza

Ngozi nyingi ziuzwazo madukani leo hazikudabighiwa kwa magome. Tangu Augustus Schultz alipopata hati ya uvumbuzi wake huko Marekani mwaka 1884, viwanda vilianza kutumia chumvi za madini ya kromi. Njia hiyo ni ya haraka, kwani humaliza kwa saa au siku kazi iliyochukua majuma mengi. Ngozi ya kromi ni nyororo na haiogopi maji, lakini haina tanini, na ukiikata mara nyingi utaona katikati yake ni buluu au kijivu.

Basi kabla ya kuanza, kata kipande kidogo kutoka pembeni, udondoshe tone moja la maji ya chuma (nitayaeleza hapa chini) juu ya sehemu iliyokatwa. Ikigeuka nyeusi mara moja, ngozi ina tanini. Isipogeuka, ni ya kromi, nayo haitakubali rangi nyeusi ya chuma mpaka uilishe tanini kwanza. Jaribio hili ni la dakika moja, nalo huokoa ngozi nzima.

Jambo la pili la kukumbuka ni joto. Ngozi iliyolowa hujikunja na kukakamaa ikitiwa katika maji ya moto sana, na ikishajikunja hairudi tena. Ngozi ya magome huanza kuharibika katika joto la digrii 70 hadi 80 za sentigredi, na ngozi dhaifu huharibika mapema zaidi. Chemsha rangi peke yake kama unapenda, lakini ngozi isiingie mpaka maji yamepoa kiasi cha mkono kuweza kukaa ndani bila taabu.

3. Rangi nyeusi

Vitu vinavyohitajiwa ni hivi: siki lita 1, misumari chakavu au vipande vya chuma kiasi cha konzi moja, chupa au mtungi wa kioo, kitambaa cha kuchujia, majani makavu ya chai, na magadi ya kupikia mikate. Vyombo visiwe vya chuma wala vya alumini.

Kwanza, osha misumari kwa sabuni ili mafuta yatoke, maana chuma chenye mafuta hakiliwi na siki. Itie katika mtungi, umimine siki juu yake. Funika kwa kitambaa tu, usikaze kifuniko. Siki inapokula chuma hutoa hewa ya haidrojeni. Ukiifungia, mtungi waweza kupasuka, na hewa hiyo ikikutana na moto hulipuka. Mtungi ukae nje au mahali penye hewa, mbali na jiko.

Baada ya siku 5 hadi 7 maji yatakuwa na rangi hafifu ya kutu. Chuja mara mbili. Hayo ndiyo maji ya chuma. Usishangae kwamba si meusi, kwani weusi bado haujazaliwa.

Pili, chemsha chai kavu isiyo na maziwa wala sukari, iliyokolea sana. Ngumi moja ya majani kwa lita 1 ya maji yatosha. Ikipoa, ipake juu ya ngozi mara mbili au tatu, ukiiacha ikauke kidogo kila mara. Chai ina tanini, na kwa kufanya hivi unaiongezea ngozi chakula cha chuma. Mwenye magome ya mwati au ya mkoko atayatumia badala ya chai, na weusi wake utakuwa mzito zaidi.

Tatu, chovya kitambaa katika maji ya chuma, upake ngozi kwa mkono mwepesi, ukienda upande mmoja. Mbele ya macho yako ngozi itageuka kijivu, kisha samawati iliyoiva, kisha nyeusi. Iache hewani nusu saa. Weusi huzidi kwa sababu hewa nayo inafanya kazi: chuma kilichoungana na tanini hukamilisha weusi wake kikikutana na oksijeni. Kama bado ni kijivu, paka chai tena, halafu maji ya chuma tena. Usiongeze chuma peke yake, maana kilichopungua kwa kawaida ni tanini.

Weusi huu haukukaa juu ya ngozi kama rangi ya mlango. Umezaliwa ndani yake, na hata ukiikwaruza ngozi hutaona weupe mara moja. Wino uliotumika Ulaya kwa karne nyingi ulifanywa kwa kanuni hii hii, yaani tanini na chumvi ya chuma. Mafundi wa Mali nao huifuata katika nguo zao za matope: hutia nguo kwanza katika maji ya majani yenye tanini, kisha huichora kwa matope yenye chuma.

Lakini wino ule una habari nyingine ya kutuonya. Katika maktaba za Ulaya ziko karatasi za kale ambazo herufi zake zimekula karatasi, zikaacha matundu mahali pa maneno. Sababu ni uchachu na chuma kilichozidi. Ngozi nyeusi nayo yaweza kuliwa hivyo hivyo. Mkanda utapendeza mwaka wa kwanza, na baada ya miaka michache utaanza kupasuka na kutoa vumbi. Wengi husema ngozi ilikuwa mbovu, kumbe fundi aliacha uchachu ndani yake.

Kwa hiyo hatua ya nne isirukwe. Koroga kijiko kimoja cha chai cha magadi ya mikate katika lita 1 ya maji, uipitishe ngozi humo kwa muda mfupi, kisha uisuuze kwa maji safi mara mbili. Magadi huua uchachu wa siki. Yasizidi, kwa sababu magadi mengi huondoa tanini na kuifanya ngozi kuwa ngumu. Halafu ikaushe kivulini, na kabla haijakauka kabisa ipake mafuta.

4. Nyekundu ya Kano

Katika nchi ya Wahausa, yaani Nigeria ya Kaskazini na sehemu ya Niger, wako mbuzi wadogo wenye manyoya mekundu, ambao Nigeria huitwa mbuzi wekundu wa Sokoto, na Niger mbuzi wa Maradi. Ngozi yao ni nyembamba, imara, na uso wake una vinyweleo vidogo vizuri. Mafundi wa Kano na Sokoto huidabighi kwa bagaruwa na kuitia rangi nyekundu ya mtama.

Kwa muda wa karne nyingi ngozi hizo zilisafiri na misafara ya ngamia kuvuka jangwa la Sahara mpaka miji ya pwani ya kaskazini. Msafiri Mjerumani Heinrich Barth, aliyefika Kano mwaka 1851, aliandika juu ya ngozi nyekundu za mji huo zilizotiwa rangi ya mabua ya mtama na kupelekwa hata Tripoli. Wanunuzi wa Ulaya walizipokea katika bandari za kaskazini, wakajalidi vitabu vyao vizuri kwa ngozi hizo, wakaziita ngozi za Moroko. Ni kweli Moroko ina mafundi wake hodari, na mji wa Fez una mashimo ya kudabighia ya siku nyingi. Lakini baadhi ya ngozi zilizobeba jina hilo zilitoka kwa Wahausa. Aliyelea mbuzi, aliyetwanga maganda na aliyekoroga rangi hawakutajwa. Alitajwa aliyesimama mwisho wa njia. Reli ilipofika Kano mwanzoni mwa karne ya 20, ngozi zilianza kuelekea bandari za kusini badala ya jangwani, lakini jina halikubadilika.

Sasa tuitazame rangi yenyewe. Mtama huu wa rangi Wahausa huuita karandafi. Wekundu wake hauko katika punje, uko katika ala ya jani, yaani ile sehemu ya jani inayolikumbatia bua. Ala hizo zikikauka huwa nyekundu iliyoiva, karibu na zambarau. Mtama wetu wa kawaida, kama ule wa Kigezi, si wote wenye rangi hiyo, lakini mwenye kutafuta katika shamba baada ya mavuno huweza kuona mabua yenye ala nyekundu. Achague yaliyoiva sana na kuacha mengine.

Namna ya kufanya jaribio dogo ni hii. Katakata ala kavu, uzitwange ziwe kama chenga. Chukua konzi nne, utie katika lita 2 za maji baridi pamoja na nusu kijiko cha chai cha magadi, au maji ya majivu yaliyochujwa. Acha usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa mekundu sana. Yachuje.

Ngozi iliyodabighiwa kwa magome iwe imeloweshwa kwa maji safi na kukamuliwa. Itie katika rangi, uigeuzegeuze kwa mikono kwa dakika chache tu. Usiiache humo ukaenda kula. Kisha uitoe, uiache itiririke, uitie katika maji baridi yenye ndimu mbili zilizokamuliwa, au maji ya ukwaju. Suuza, ukaushe kivulini. Kama rangi ni hafifu, rudia yote tangu mwanzo.

Kwa nini tunatumia magadi kwanza na ndimu baadaye? Rangi ya mtama haiyeyuki vizuri katika maji matupu. Magadi huifungua, ikatoka katika ala na kuingia katika maji, na kutoka majini ikaingia ngozini. Uchachu wa ndimu hufanya kinyume: huifunga, isiweze kuyeyuka na kutoka tena kwa urahisi. Kwa maneno mengine, magadi ni mlango wa kuingilia, na ndimu ni komeo. Ndimu pia huondoa magadi yaliyobaki, ambayo yangeila tanini na kuiharibu ngozi. Ndiyo maana ngozi hukaa dakika chache tu katika rangi.

Tazama sasa jinsi rangi hizi mbili zinavyofanana. Katika nyeusi tunaanza na uchachu na kumaliza kwa magadi. Katika nyekundu tunaanza na magadi na kumaliza kwa uchachu. Kila mara kinachoingiza rangi ndicho chenye kudhuru ngozi kikikaa, na kazi ya fundi ni kukitoa kwa wakati wake.

5. Rangi nyingine kwa ufupi

Kahawia ndiyo rahisi kuliko zote. Maji ya magome yaliyochemshwa na kupozwa huipa ngozi rangi ya kahawia: mkoko huleta wekundu wa matofali, mwati huleta kahawia nyepesi, na chai huleta rangi ya mchanga. Ukipaka mara nyingi rangi hukolea, na ngozi huzidi kuwa imara.

Njano hupatikana kwa maganda ya komamanga, yaliyotumika sana Fez, pamoja na shabu kidogo ya kushikisha rangi. Shabu ikizidi ngozi hukakamaa. Manjano ya jikoni hutoa rangi inayong'aa sana, lakini jua huimaliza upesi. Yafaa kwa ndani ya mkoba, haifai kwa mkanda.

Samawati ya nili ni ngumu kwa ngozi. Kano ina mashimo maarufu ya nili, lakini hayo ni ya nguo. Nili huyeyuka katika maji yenye ukali mwingi wa majivu au chokaa, na ngozi ikikaa humo hupoteza tanini yake. Anayeanza asijaribu.

6. Kumaliza kazi

Ngozi iliyotiwa rangi imepoteza mafuta yake, nayo isipolishwa itapasuka mahali inapokunjwa. Paka mafuta kidogo kidogo ingali na unyevu, uikunje na kuinyosha kwa mikono mpaka ilainike. Mafuta ya kwato za ng'ombe ni mazuri sana. Yasipopatikana, mafuta ya wanyama yaliyosafishwa yatafaa. Mwisho, yeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta kidogo, upake juu na kusugua kwa kitambaa kikavu. Nta huzuia maji na kuzuia rangi isiambukize nguo. Jaribu kwa kitambaa cheupe: kikitoka safi, kazi imekwisha.

Kila fundi awe na daftari. Aandike siku, ngozi ya mnyama gani, gome gani, maji kiasi gani, dakika ngapi. Na abandike kipande kidogo cha ngozi pembeni ya ukurasa. Mtama wa shamba hili si sawa na wa shamba lile. Bila daftari, rangi nzuri utakayoipata leo hutaipata tena.

Hitimisho

Ndugu zetu wanafunzi wa zamani, ambao sasa mna nyumba na mifugo, mnajua kwamba ngozi ya mbuzi wa sikukuu mara nyingi hutupwa au huuzwa mbichi kwa bei ya chini. Ngozi hiyo hiyo hurudi kwetu kama kiatu au mkoba, nayo hubeba jina la mahali ilipomaliziwa. Habari ya Kano yatufundisha kwamba ufundi peke yake hautoshi kumhifadhia fundi jina lake. Anayeuza kazi iliyokwisha, na kuandika jinsi alivyoifanya, ndiye atakayejulikana. Tuanze na kipande kimoja na chupa moja ya siki.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ngozi ya kromi haigeuki nyeusi kwa maji ya chuma? Ungefanya nini ili igeuke?
2. Eleza kwa nini mtungi wa siki na misumari haufungwi.
3. Ngozi nyeusi imetokea kijivu. Je, utaongeza chuma au tanini? Toa sababu.
4. Linganisha kazi ya magadi katika rangi nyeusi na katika rangi nyekundu.
5. Taja miti mitatu ya kwenu ambayo magome yake hukausha ulimi. Ijaribu kwa maji ya chuma, uandike katika daftari ulichokiona.